Mashua ya Wenye Presha

Malan aliweza kumburuta kondoo dume kwa pembe moja huku mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa, na kahawa isimwagike. Nililishuhudia jambo hilo kwa macho yangu siku tuliyokuwa tunawateremsha kondoo kutoka mlimani, juu ya kijiji chetu cha Vágur, kwenye kisiwa cha kusini kabisa cha visiwa vyetu vya baridi. Wanaume waliokuwa pale wakajifanya hawakuona.

Mimi naitwa Bjarta. Siku za kazi nilisimama karibu na Malan kwenye meza ya kukatia samaki kiwandani, na jioni za kiangazi nilikaa mbele yake ndani ya mashua ya mashindano. Mimi ndiye mshika usukani wa wanawake. Wapiga makasia huipa mgongo njia wanayokwenda, lakini mshika usukani huwatazama usoni, kwa hiyo uso wa Malan naujua kuliko anavyoujua mumewe Høgni, ambaye ni baharia na nusu ya mwaka hayupo. Najua anavyouma mdomo akiishiwa pumzi. Najua pia anavyotabasamu akijua mwenzake ameishiwa zaidi.

Alipata mimba akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kuingoja miaka minane. Alipoacha kasia mwezi wa nne tulimlilia kama aliyekufa, yeye akatucheka. Hakutapika, hakuvimba sana, hakulalamika. Alikuwa anabeba masanduku ya samaki mpaka msimamizi wetu Sanna akamfukuza kwenye mzani.

Basi mwezi wa Agosti, mimba ikiwa na wiki thelathini na moja, akaenda kliniki kama kawaida. Mkunga wa huku kwetu kusini ni Armgarð, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, asiyebishika. Akamfunga mkono, akapima. Akamwambia akae kimya robo saa. Akapima tena.

"Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na nane," akasema.

"Mashine yako mbovu hiyo," Malan akamjibu.

Armgarð akainuka. Akaenda kabatini, akaleta mashine ya zamani ya kupampu kwa mkono, akapima mara ya tatu. Namba zikawa zilezile, zikapishana kidogo tu.

"Sasa zimeharibika mbili," Malan akasema, lakini kicheko hakikutoka.

Mkojo ulipimwa, haukuwa na protini. Damu ilipimwa, ikawa salama. Armgarð akampa vidonge, akamwambia arudi kila baada ya siku tatu, na akamweleza dalili za kuogopa: kichwa kuuma kusikokoma, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu. Malan alisikia nusu. Nusu nyingine alikuwa anajiuliza watu watasemaje. Presha, kwa jinsi alivyoijua yeye, ilikuwa ugonjwa wa wazee wanene wanaolala sebuleni mbele ya televisheni. Si wa mtu anayepiga kasia.

"Nimekosea nini?" akauliza. "Ni nyama ya kukausha? Chumvi?"

"Hujakosea kitu. Mimba ndiyo inafanya hivyo kwa wengine. Katika kila mimba kumi, moja hivi hupandisha presha. Ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani."

"Moja kwa kumi? Hapa kwetu?"

"Hapa kwetu na kwingineko."

"Basi wako wapi? Nimeishi hapa maisha yangu yote, sijamsikia hata mmoja. Nitajie."

"Siwezi kukutajia, Malan. Siri zao si zangu. Waulize wenyewe."

Nadhani Armgarð alisema hivyo ili kumaliza maneno tu. Hakumjua Malan. Wiki nzima Malan alificha vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, asivione mama mkwe wake Elspa aliyekaa nyumba ya jirani na kuingia bila kubisha hodi. Wiki nzima ile kauli ilimkera kama mwiba wa samaki kidoleni. Kama ni moja kwa kumi, wako wapi?

Siku ya Ijumaa tulikuwa chumba cha mapumziko, wanawake karibu arobaini, kila mtu na mkate wake na kahawa yake. Malan akasimama. Akagonga kikombe kwa kijiko, nasi tukadhani anataka kutualika sherehe.

"Nina presha ya mimba," akasema kwa sauti ileile anayotumia baharini. "Natumia vidonge. Armgarð anasema kila mimba kumi moja ina mambo haya. Mimi nasema ananidanganya ili anipoze. Nani humu aliwahi kupata? Anyooshe mkono."

Jamani, kila mtu akainamia kahawa yake! Mimi mwenyewe nimezaa watatu kwa urahisi kama paka, sikuwa na mkono wa kunyoosha, na nilimwonea aibu kwa niaba yake.

Kisha Turið akanyoosha. Turið ndiye dereva wa forklifti kule kwenye chumba cha barafu, ana miaka arobaini na tisa na mdomo usio na breki.

"Mimi," akasema. "Mtoto wa pili. Mia sabini kwa mia na tano. Nililazwa wiki tatu mjini, nyie mkadhani nimekwenda kwa dada yangu Denmaki."

"Ulituletea na biskuti kutoka Denmaki!" mtu akapiga kelele.

"Nilizinunua dukani hukohuko mjini Tórshavn."

Kicheko kikalipuka, na ndani ya kicheko hicho mkono wa pili ukainuka, kisha wa tatu, kisha wa nne. Mmoja alikuwa binti wa miaka ishirini na sita aliyezaa mwaka uliopita. Amekaa meza moja na Turið kila siku, wote wawili na siri ileile, hakuna aliyejua ya mwenzake. Nakumbuka walivyotazamana.

Jioni Sanna, msimamizi wetu, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye hata siku yake ya kuzaliwa hatuijui, alimfuata Malan kwenye maegesho. "Na mimi," akamwambia. "Mia tisini. Mtoto wa kwanza. Sikutaka kunyoosha mkono mbele ya watu ninaowaamrisha." Akaingia kwenye gari, akaondoka.

Wanne, na Sanna, na Malan mwenyewe. Sita, katika wanawake thelathini na wanne waliowahi kubeba mimba pale kiwandani. Malan alimpelekea Armgarð hesabu hiyo kama mtoto aliyeokota yai.

"Wamezidi!" akamwambia. "Wewe ulisema mmoja kwa kumi."

"Nilisema mimba kumi, si wanawake kumi. Mwanamke mmoja ana mimba mbili, tatu, nne. Nafasi zinaongezeka." Kisha Armgarð akacheka, jambo asilolifanya kila siku. "Lakini sikutarajia ungeuliza kweli."

Huku kwetu habari haihitaji gari. Kabla ya Jumamosi kwisha Elspa alikuwa ameshaipata. Akaja kwa Malan, akakaa jikoni bila kuvua koti. Malan akajiandaa kwa vita, maana Elspa alikuwa na msemo wake: katika ukoo wetu hakuna magonjwa.

"Umesimama mbele ya watu ukasema," Elspa akaanza.

"Nimesema, mama. Na sijutii."

"Sikuja kukugombeza." Elspa akakaa anaikunja glavu yake, anaikunjua. "Høgni hakuwa mtoto wangu wa kwanza."

Malan akaacha alichokuwa anafanya.

"Mwaka sabini na tisa nilikuwa na mimba ya miezi minane. Tulikuwa tunaanika majani ya kondoo. Kichwa kiliniuma siku mbili, nikaona kama cheche za moto machoni, mama yangu akasema ni jua. Jua gani la huku? Nikaanguka palepale kwenye majani. Kifafa. Nilizinduka siku ya tatu, wakaniambia alikuwa msichana na wameshamzika. Sikumwona. Nilipewa shauri nisimtaje, nizae mwingine upesi. Nikazaa mwingine. Sikumtaja."

"Høgni anajua?"

"Hajui. Baba yake alikufa na siri hiyo." Kisha akamshika Malan mkono kwa nguvu kama mtu anayezama. "Wewe ukiona cheche, usiniambie ni jua. Umenisikia? Uniite mimi. Hata kama niko kanisani."

Na ilitokea kweli Elspa akiwa njiani kwenda kanisani. Ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa Septemba, mimba ina wiki thelathini na sita. Malan aliamka na maumivu chini ya mbavu za kulia, akasema moyoni ni ile jamu chachu aliyokula usiku, tumbo limejaa gesi. Kichwa kilimgonga. Alipoinama kuvaa soksi, ukuta mweupe wa chumba ukajaa vinyota vyenye mikia.

Alinieleza baadaye kwamba alikaa kitandani kama dakika tano akishindana na nafsi yake. Mtu aliyezoea kuvumilia hajui uvumilivu unapokoma kuwa sifa. Kisha akafungua dirisha, akamwona Elspa yuko barabarani amevaa nguo za kanisani, akaita, "Mama! Cheche!"

Elspa alikuwa na miaka sitini na nane. Majirani wanaapa kwamba alikimbia.

Hospitali ndogo ya kisiwani iko Tvøroyri, mwendo wa dakika ishirini kupitia handaki. Huko wakampima: mia moja themanini kwa mia moja na kumi na nne, na mkojo umejaa protini. Daktari hakuzunguka. Akasema hii sasa si presha tu, ni kifafa cha mimba kinabisha hodi, na mtoto lazima atoke, leo, huko Tórshavn kwenye wataalamu. Wakamtundikia dripu ya kuzuia degedege. Malan aliniambia dripu ile ilimwingia kama supu ya moto kwenye mishipa yote.

Lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Helikopta haikuweza kuruka. Ikabaki feri ya asubuhi, mwendo wa saa mbili, na feri ilikuwa imeshajaa magari, milango inataka kufungwa. Nahodha alipopigiwa simu akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba anahitaji nafasi ya gari la wagonjwa, kuna mama mjamzito. Watu wakateremka wakarudisha magari yao nyuma, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokuwa wanawahi ndege. Magari manne yakabaki gatini siku hiyo. Wenyewe walipanda kwa miguu, wakasimama kandokando ya njia gari la wagonjwa lilipopita. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Ndani ya gari lile, katika tumbo la feri, Elspa alikaa ameshika mguu wa Malan kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu. Muuguzi alipima presha kila dakika chache. Dawa ikaanza kuishusha: mia sabini, mia sitini na tano.

"Mama," Malan akasema, ulimi mzito, "usimwambie Bjarta kwamba nimevuka mpaka Tórshavn nimelala chali. Atanitoa kwenye mashua."

"Nyamaza, wewe mtoto," Elspa akamwambia, huku anacheka na kulia kwa pamoja. "Piga kasia la kupumua tu."

Saa saba mchana alipasuliwa. Msichana, kilo mbili na robo, mdogo kama mkate wa sikukuu na mwenye sauti ya king'ora. Walipomleta, muuguzi alitaka kumpa Malan amguse. Malan akasema, "Mpe mama kwanza. Yeye amengoja zaidi." Elspa akampokea. Alimtazama muda mrefu, kila kidole, kila ukucha, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka arobaini na minne.

Mtoto akaitwa Beinta.

Malan alidhani mambo yamekwisha. Siku ya tatu akafunga mizigo. Wakampima: mia moja sabini. "Lakini nimeshazaa!" akalalamika. Wakamweleza kwamba presha hiyo haijui kuwa mtoto ametoka, kwamba siku za baada ya kuzaa nazo zina hatari yake. Wakabadilisha dawa, wakamweka siku sita zaidi. Høgni alifika kutoka baharini siku ya nne na ndevu za wiki tatu. Usiku huohuo, kwenye mkahawa wa hospitali, mama yake alimsimulia habari za dada yake. Høgni ni mtu wa maneno machache. Alimuuliza swali moja tu: "Ungemwita nani?" Elspa akajibu bila kufikiri, "Ragna." Mwezi uliofuata Høgni alichagua jiwe mwenyewe, akalipandisha makaburini kwa mkokoteni, na jina likachongwa. Kiwanda kilifungwa saa nzima tukaenda wote.

Mwishoni mwa Oktoba Malan akaja kututembelea na Beinta mgongoni. Tukapokezana mtoto. Turið ndiye aliyeanza.

"Tuko sita," akasema.

"Sita wa nini?"

"Wenye presha. Mashua inachukua wapiga makasia wangapi, Bjarta?"

Nikasema, "Sita." Na kabla sijafunga mdomo chumba kizima kilikuwa kimeshaelewa.

"Nyie wendawazimu," Sanna akasema. "Mimi nina goti bovu."

"Kasia halipigwi kwa goti, bosi."

"Nina miaka hamsini na saba!"

"Basi utakaa katikati, uzito wako utusaidie."

Armgarð alikubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe atakuja kwenye banda la mashua kupima kila mtu kabla ya mazoezi, na asemapo hapana ni hapana. Tukadhani ni mchezo. Siku ya kwanza kabisa alimkuta Turið na presha ya mia moja sitini, miaka kumi na saba baada ya kuzaa, na hakuwa anajua. Mwingine pia alikuwa juu. Ndipo tulipojifunza kwamba mwanamke aliyepata presha kwenye mimba hatakiwi kuiaga kliniki, kwa kuwa inaweza kumrudia ukubwani, ikamjia moyoni au kichwani. Turið alitumia vidonge wiki sita akiwa mtazamaji pembeni ya banda, anatutukana kwa mbali, mpaka Armgarð alipomruhusu.

Tulifanya mazoezi majira yote ya baridi bandani na kuanzia Machi kwenye maji. Walikuwa wabaya, nisiseme uongo. Makasia yaligongana kama vijiko kwenye karai. Malan alikaa kiti cha karibu kabisa nami akiwawekea mwendo, na mara mbili nilimwona anauma mdomo. Lakini Mei ilipoingia, siku moja ya mvua, makasia sita yaliingia majini kwa sauti moja. Nikaona nyuso sita zimeshtuka kwa pamoja.

Mwezi wa Juni Jóansøka, sikukuu yetu ya kiangazi yenye mbio za mashua, ilikuwa kwetu Vágur. Mashua tano za wanawake, mita elfu moja. Fulana zetu zilikuwa nyekundu, na mgongoni kila mmoja aliandikwa namba zake, zile za juu kabisa alizofikia na mimba. Mimi sikuziona wakati wa mbio. Watu waliojaa ufukweni ndio walioziona, wakasoma, na wengine ambao hawakuelewa wakaelezwa na walioelewa. Tulipopita nusu ya njia tukiwa wa nne, nikasikia gati zima linawaita kwa namba.

"Mia tisini! Vuta, mia tisini!"

Sanna, ambaye alijificha miaka thelathini, akasikia. Uso wake ukawa mwekundu, halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Alikenua meno yote, akavuta.

"Wanachoka!" nikawapigia kelele, maana wao hawakuwaona wapinzani wa Tvøroyri waliokuwa mbele yetu, ila mimi niliwaona. "Mita mia mbili! Malan, wape kumi kali!"

Akawapa kumi. Kisha akawapa kumi nyingine bila kuombwa. Tukawapita Tvøroyri kwa urefu usiofika kasia moja, mabinti wa miaka ishirini wenye mapaja kama nguzo, na tukamaliza wa tatu. Wa tatu! Ungetuona ungedhani tumeshinda vita. Turið alijirusha majini na nguo zake. Elspa alikuwa amesimama mwisho wa gati na Beinta mabegani, anapiga yowe mpaka kofia ikamwanguka, na mtoto naye anapiga yowe kumfuatisha bibi yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kilichofuata. Tulipoinua mashua, wanawake wakaanza kuja. Mmoja akagusa mgongo wa Malan, akasema, "Yangu ilikuwa mia sitini na tano." Mwingine akaja, na mwingine. Bibi wa miaka themanini na mmoja akaletwa kwa kiti cha magurudumu kusema yake. Tulisimama pale tumelowa, tunatetemeka, foleni haiishi. Armgarð alikuwa kando, mikono mifukoni, hamtaji mtu.

Mwaka uliofuata walijitokeza kumi na mmoja kwa viti sita, ikabidi niwachuje. Malan hakuwemo. Alikuwa na mimba ya pili, anameza aspirini ndogo ya kukinga kifafa cha mimba kila jioni tangu wiki ya kumi na mbili kama alivyoandikiwa, anapimwa kila wiki, na vidonge vyake vimekaa mezani mbele ya kila mgeni. Alisimama ufukweni na tumbo lake akitutukana kuliko Turið. Presha yake ilipanda kidogo mwishoni, ikadhibitiwa, na mtoto akatoka wiki ya thelathini na nane kwa wakati waliopanga.

Elspa ndiye aliyenipigia simu. Hakusalimia.

"Kilo tatu na nusu!" akasema. "Mvulana. Na mama yake amekaa kitandani anadai nyama ya kondoo na viazi."